Kuongeza moja tu: atomiki ndani ya kerneli zinavyotutoa jasho

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Poa. Mada ndefu muda mfupi, salamu zimeishia hapo, twende kazi.

Nianze na swali. Una kaunta kwenye memori, ipo sifuri. Una kore mbili, yaani prosesa mbili zinazofanya kazi sambamba, kila moja inapiga lupu ya kuongeza moja mara 1,000,000, hamna loki, lile kufuli la kuzuia wengine wasiguse, hamna chochote, ni kale kamstari ka kaunta++ tu. Zikimaliza zote mbili kaunta inasoma ngapi? Wengi mnasema pungufu ya milioni mbili, sawa kabisa. Sasa pungufu mpaka wapi? Nimesikia mtu kasema haiwezi kushuka chini ya milioni moja. Inaweza. Inaweza kushuka mpaka 2. Mbili, kidole na kidole! Fuatilieni: kore A inasoma sifuri halafu inachelewa kidogo, kore B inapiga zake 999,999 inabakiza moja, A inazinduka inaandika 1 na kufuta jasho lote la mwenzie, B inaisoma ile 1 kwa ajili ya zamu yake ya mwisho nayo inazubaa, A inamaliza zote zilizobaki, B inarudi inaandika 2. Basi. Mara nyingi haitokei hivyo, ila hakuna kitu kwenye mashine kinachoizuia isitokee.

Sababu mnaijua. Kale kamstari kanaonekana kamoja ila prosesa inakaona kama kazi tatu, kusoma memori kuingiza kwenye rejista, kuongeza, kurudisha kwenye memori, na katikati ya hizo kazi kuna nyufa mtu mwingine anapenya. Operesheni ya atomiki ni ile isiyo na nyufa, ukiitazama kutoka nje ama haijafanyika ama imeshafanyika, hamna kuikuta katikati. Ndo tafsiri yote hiyo.

Ukiwa unaandika programu za kawaida haya mambo hayakusumbui sana, unaita laibrari, laibrari inaegemea chipu au inaiomba kerneli, ile programu ya chini kabisa inayoendesha mashine yote, maisha yanaenda. Ila leo wewe ndo kerneli. Nyuma yako hamna mtu. Na hiki ndo kitu nilichokuja kusema, mengine yote ni nyama: watu wanadhani atomiki ni mali ya chipu, yaani chipu ikiwa nayo unayo, isipokuwa nayo huna. Mi nasema atomiki ni ahadi ambayo kerneli inaitoa kwa msimbo wote uliobaki, na kuitimiza ni juu yako hata pale chipu inapokuacha mikono mitupu. Na kuna chipu zinakuacha mikono mitupu kweli kweli, tutafika.

Tuanze na hali rahisi, mashine ya kore moja. Hapa adui wako ni mmoja tu, intarapti, yaani kifaa kinaikatiza prosesa katikati ya kazi kikitaka kuhudumiwa. Unasoma kaunta, kabla hujaandika intarapti inaingia, hendla yake, ule msimbo wa kuihudumia, nayo inaigusa kaunta ileile, ukirudi unaandika thamani ya zamani, imeisha hiyo. Dawa yake ni nyepesi: zima intarapti, fanya kazi zako tatu, zirudishe zilivyokuwa. Nimesema zirudishe zilivyokuwa, sijasema ziwashe! Hapa wageni wote wanajikwaa na mimi nilijikwaa. Aliyekuita anaweza kuwa tayari kazizima kwa sababu zake, wewe ukimaliza ukaziwasha umemvua nguo hadharani. Kwa hiyo unahifadhi hali kwanza, unazima, mwisho unarudisha ile hali uliyoihifadhi. Kerneli ya Linux kwenye mashine za kore moja zisizo na kitu bora zaidi inafanya hivyo hivyo mpaka leo, na ukiandika kerneli ya vidude vidogo vyenye chipu kama Cortex-M0 huna namna nyingine maana ile familia haina kabisa maagizo ya atomiki, unapiga CPSID unazima, unamaliza, unarudisha.

Zipo intarapti zisizozimika, zile za dharura, hizo zitaingia tu upende usipende, kwa hiyo hendla yake usiiruhusu iguse kaunta hizo. Nimemaliza hapo.

Kwenye x86 (chipu za Intel na wenzie) ya kore moja mambo ni laini zaidi maana chipu ina agizo la kuongeza moja kwa moja kwenye memori, na intarapti haiwezi kuingia katikati ya agizo, ama kabla ama baada. Kwa hiyo agizo moja la INC kwenye memori tayari ni atomiki dhidi ya intarapti bila kuzima chochote. Kwenye kore mbili ndo uongo unaanza, kwa sababu ndani ya agizo hilo moja bado kuna kusoma na kuandika, na kore nyingine haisubiri agizo lako liishe. Hapo unaongeza kibaiti kimoja mbele yake, LOCK, baiti 0xF0. Na kuna ufundi mmoja wa Linux nilipousoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama chizi: kerneli inakompailiwa, yaani inageuzwa kuwa maagizo ya mashine, kwa ajili ya kore nyingi, ila inatunza orodha ya kila mahali palipo na ile 0xF0, ikibuti ikakuta ipo kore moja tu inapita sehemu zote hizo inaifuta 0xF0 inaweka 0x3E, ambayo ni alama ya segmenti isiyo na madhara yoyote. Agizo linabaki na urefu uleule, gharama ya LOCK imeondoka. Kerneli inajifanyia upasuaji yenyewe huku inaamka.

Hiyo LOCK inafanya nini ndani? Zamani, enzi za 8086, ilikuwa inashika basi nzima, ile njia ya pamoja ya kwenda kwenye memori, yaani memori yote ya mashine inasimama kumngoja mtu mmoja anayeongeza moja. Kuanzia Pentium Pro ya 1995 mambo yakahamia kwenye kashe, ile memori ndogo ya haraka iliyo karibu na kore: kore inaichukua ile laini ya kashe, kipande kimoja tu, iwe yake peke yake, inafanya kazi, na muda huo mdogo inakataa kuiachia wenzie wakiiomba. Memori nyingine inaendelea na maisha yake. Laini hiyo ni baiti 64 kwenye mashine nyingi za leo, na hapo ndo inapotokea balaa, maana kama kaunta yako imekaa vibaya, nusu kwenye laini moja na nusu kwenye laini inayofuata, x86 itakubali tu, haitakwambia kitu, ila inarudi kwenye njia ya kizamani ya kushika basi na kila kore inaumia, ni zaidi ya mizunguko 1,000 inapotea kwa kitendo kimoja. Linux 5.7 ya 2020 ikaleta uwezo wa kuwakamata watu wa namna hiyo, kwenye prosesa zinazoweza kuripoti kosa lenyewe. Mi nadhani ilichelewa. Prosesa nyingine nyingi kaunta ikikaa vibaya zinakutupia kosa usoni palepale, na huo ndo upendo.

Sasa kuongeza na kupunguza ni mambo madogo. Baba lao ni lile agizo la kulinganisha kisha kubadilisha: nikikuta hapa kuna thamani niliyoitegemea basi weka hii mpya, nisipoikuta usiguse kitu, niambie ulichokikuta. IBM walikuwa nalo kwenye System/370 miaka ya 1970 mwanzoni. Ukiwa na hilo unajenga chochote, unasoma, unakokotoa unachotaka pembeni kwa raha zako, unajaribu kubandika, ikigoma unarudia. Maurice Herlihy 1991 akaja akaonyesha kihesabu kwamba maagizo haya hayalingani nguvu, yale ya kuweka alama na kusoma kilichokuwepo yanaweza kuwapatanisha wawili tu bila mtu kumsubiri mwenzie, ila hili la kulinganisha linapatanisha idadi yoyote. Kwa upande wa Intel linaitwa CMPXCHG na lilianza na 486 ya 1989. 386 haina. Na utamu wa historia uko hapa, Linux ilizaliwa 1991 juu ya 386, halafu 2013 kwenye toleo 3.8 ikaitupa 386 nje, na sababu kubwa mojawapo ni hiyohiyo, watu walichoka kubeba msimbo wa ziada kwa ajili ya chipu isiyoweza kulinganisha na kubadilisha kwa agizo moja.

Twende upande wa pili wa dunia, ARM, MIPS, PowerPC, RISC-V. Hawa falsafa yao ni nyingine. Badala ya agizo moja linalofanya yote wanakupa mawili: la kwanza linasoma na kuweka alama kwamba hapa mahali nina jicho napo, la pili linaandika kwa sharti kwamba hakuna aliyegusa tangu uweke jicho. Kama kaguswa, hata kama kaandika thamani ileile, uandishi unagoma na unarudia lupu. Mi naipenda hii kuliko ya Intel, naomba mnisamehe mlioko upande ule, kwa sababu inaangalia tukio lenyewe, haiangalii thamani. Kwa mtindo wa kulinganisha mtu anaweza kubadilisha poinita, yaani anwani ya kitu kwenye memori, kutoka A kwenda B halafu akairudisha A, wewe ukija unaona A unadhani hamna kilichotokea, kumbe kile kitu kilishafutwa na memori yake kapewa mwingine. Kwa mtindo wa jicho hilo haliwezi kukupita ndani ya lupu yako.

Ila ina masharti yake kama dawa ya hospitali. Katikati ya kusoma na kuandika usifanye mambo mengi, usiandike memori nyingine, usiite fankisheni, usije ukaprinti kitu! RISC-V wameandika kabisa kwenye kanuni zao, lupu ikiwa na maagizo yasiyozidi 16 tena ya aina rahisi wanakuhakikishia utapenya, ukizidisha hapo huna wa kumlaumu. Na ndo maana lupu nzima unaiandika kwa asembli, lugha ya maagizo yenyewe ya chipu, kwenye boksi moja, usiandike kusoma kwenye boksi lake na kuandika kwenye lake halafu katikati umwachie kompaila, maana siku ukikompaili bila optimizesheni atamwaga rejista zako kwenye staki katikati ya lupu, uandishi unagoma, unarudia, unamwaga tena, unagoma tena, milele.

Kuna kitu kingine hapa watu wa kerneli ndo tunabeba peke yetu. Thredi, yaani mfululizo mmoja wa kazi, imeweka jicho, kabla haijaandika intarapti ikaingia, skejula, ile sehemu ya kerneli inayogawa zamu, ikampa zamu thredi nyingine kwenye kore hiyohiyo. Lile jicho bado lipo! Thredi mpya inaweza kuandika kwa jicho la mwenzie. Kwa hiyo kerneli lazima ilifumbe lile jicho kwenye kupita kwake. Kwenye ARM za biti 32 kuna agizo CLREX la kazi hiyo, kwenye biti 64 kurudi tu kutoka kwenye intarapti kunalifumba kwenyewe, na kwenye RISC-V Linux inapiga uandishi mmoja wa bure kwenye njia ya kutoka ili jicho life. Ukisahau huo mstari mmoja mashine itafanya kazi vizuri miezi, siku moja itakuangusha na hutajua kwa nini.

Nataka niwape kisa changu maana najua mnapenda kusikia mtu akiteseka. Nilikuwa naandika kakerneli kangu kadogo kwenye kabodi ka ARM ya biti 64, nimefika kwenye hatua tamu ile ya kuprinti herufi za kwanza. Nikaweka spinloki, loki ambayo anayeisubiri anazunguka tu kwenye lupu, kwenye kuprinti, nikajaribu kwenye emuleta, ile programu ya kuigiza bodi, safi. Nikapeleka kwenye bodi halisi, kimya. Hamna hata herufi. Usiku wa kwanza nikalaumu waya. Usiku wa pili nikalaumu spidi ya siriali, nikaikokotoa upya mara kama nne. Usiku wa tatu nikaitoa ile loki kwa bahati tu, nikitaka kupunguza msimbo, herufi zikamwagika. Kumbe nilikuwa naprinti kabla sijawasha MMU, kile kitengo cha chipu kinachosimamia memori, na MMU ikiwa imezimwa ARM inaichukulia memori yote kama kifaa cha nje, na kwenye memori ya aina hiyo lile jicho halina uhakika wa kufanya kazi, uandishi wangu ulikuwa unagoma daima na lupu inazunguka hadi kiama, wakati emuleta yenyewe haijali mambo hayo. Kore zenyewe nilikuwa nimewasha moja! Yaani nilikuwa nagombania loki na nafsi yangu na nashindwa. Tangu siku hiyo kwenye msimbo wa mwanzo wa kubuti siweki atomiki yoyote kabla ya kashe kuwaka.

Sasa tufike kwa zile zinazokuacha mikono mitupu, hapa ndo ninapopapenda.

PA-RISC, mashine za HP za zamani. Ile chipu ina agizo moja tu la maana kwenye mambo haya, linasoma neno na kulifuta liwe sifuri papo hapo. Basi. Huwezi kuongeza kwa atomiki, huwezi kulinganisha, unaweza kusoma na kufuta. Hata loki zake zimegeuzwa, 1 maana yake ipo wazi na 0 maana yake imeshikwa, kwa sababu kitu pekee unachoweza kufanya ni kufuta. Linux ikafanyaje? Ikaweka safu ndogo ya loki 4, ukitaka kuongeza kaunta yoyote ile unachukua anwani yake, unaipiga hesabu kupata ni loki ipi kati ya zile, unazima intarapti, unashika loki, unaongeza kama mtu wa kawaida, unaachia. Kuzima intarapti hapo siyo hiari, maana hendla ikiingia kwenye kore hiyohiyo nayo ikataka loki uliyoishika itazunguka ikikusubiri wewe, na wewe huwezi kuendelea mpaka yeye atoke. Mmekufa wote wawili.

Na hapo kuna mtego mzuri sana. Kuandika thamani ya kawaida kwenye kaunta, kuiweka tu iwe 5 kwa mfano, kwenye chipu nyingine ni agizo moja la kawaida, halihitaji chochote. Ila kwenye mashine ya loki za pembeni ukiandika bila kushika loki, mwenzio aliyeshika loki na kasoma thamani ya zamani atakuja kuandika juu ya 5 yako kana kwamba hujawahi kuwepo. Kwa hiyo hata kule kuweka tu kunalazimika kupita kwenye loki. Ukiikubali njia hii umeikubali kwa kila anayeandika, hamna wa kupita dirishani.

SPARC za biti 32 walifanya kioja kingine. Wao walikuwa na agizo la kusoma baiti moja na kuijaza yote moja, kwa hiyo wakaichukua ile kaunta yenyewe ya biti 32 wakakata biti 8 za chini wakazifanya loki, kaunta ikabaki na biti 24. Miaka mingi watu wa Linux walikuwa wanaonywa msihesabu zaidi ya biti 24 kwenye kaunta ya atomiki kwa sababu tu ya SPARC. Baadaye nao wakahamia kwenye safu ya loki.

Halafu ipo hii ambayo mimi naiona ni ya kijanja kuliko zote. ARM za kabla ya toleo la 6 hazina lile jicho, zina agizo la kubadilishana tu, na programu za mtumiaji haziruhusiwi kuzima intarapti. Watampaje mtumiaji kulinganisha na kubadilisha? Linux ikaweka kafankisheni kadogo kwenye kurasa ambayo kila programu inaiona, kwenye anwani 0xffff0fc0, na ndani yake hamna maajabu yoyote, ni kusoma, kulinganisha, kuandika, msimbo wa kawaida wenye nyufa. Ila kerneli inajua ile anwani. Intarapti ikiingia kerneli inaangalia, huyu niliyemkatiza alikuwa ndani ya kale kafankisheni? Kama alikuwa ndani na hajamaliza kuandika, inamrudisha mwanzo. Akiamka anasoma upya. Kwenye kore moja hiyo inatosha kabisa, nyufa zipo ila ukikatizwa ndani ya ufa hukumbuki kwamba ulikuwepo. Wazo hili Brian Bershad, David Redell na John Ellis walilieleza 1992, NetBSD wanalo, na mwaka 2018 Linux 4.18 ikalirudisha kwa sura mpya kwa ajili ya data ya kila kore, safari hii kwa ajili ya kasi, kwenye mashine kubwa ambazo atomiki halisi wanazo tele.

MIPS za kwanza hazikuwa na jicho vilevile, programu ikijaribu kulitumia prosesa inapiga kelele kwamba hiki sikijui, kerneli inakamata ile kelele, inafanya kazi yenyewe kwa niaba yake, inamrudisha kana kwamba hamna kilichotokea. Polepole kama konokono, lakini ahadi imetimizwa.

Nimebakiwa na dakika ngapi? Sawa, tuongee mpangilio, hapa wengi ndo mnapotea.

Kuongeza bila nyufa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni hii, vitu nilivyoandika kabla ya ile atomiki, wenzangu watavionaje? Chipu zinapanga upya kusoma na kuandika kwenu, na kompaila naye anapanga upya kabla hata ya chipu. x86 ni mpole, na LOCK yake inafunga kila kitu mbele na nyuma. ARM na PowerPC siyo wapole. Kwa hiyo mtu anaandika kerneli kwenye x86, inatembea miaka, siku akiipeleka ARM inaanza kuona vizuka.

Mfano mmoja tu unatosha, kaunta ya watumiaji wa kitu, kila anayekishika anaongeza, akiachia anapunguza, anayefikisha sifuri ndo anafuta memori. Kuongeza hakuhitaji mpangilio wowote, kwa sababu wewe unayeongeza tayari una kitu mkononi, hakiwezi kufa. Kupunguza ndo kuna kazi. Mimi nimeandika vitu ndani ya kile kitu halafu nikapunguza kutoka 2 kwenda 1, wewe ukapunguza kutoka 1 kwenda 0 ukakifuta. Maandishi yangu lazima yawe yamefika kabla ya kupunguza kwangu kuonekana, na kufuta kwako lazima kuje baada ya kuona sifuri, la sivyo maandishi yangu yaliyochelewa yatatua kwenye memori ambayo keshapewa mtu mwingine. Linux wana kanuni yao, atomiki isiyorudisha thamani haina mpangilio wowote, inayorudisha thamani ina mpangilio kamili, na ukitaka ya kati kuna majina yake. Sheria zenyewe rasmi kwa namna ya kompyuta kuzikagua ziliingia kwenye 4.17, mwaka 2018. Miaka 27 baada ya kerneli kuzaliwa! Mpaka hapo ilikuwa ni maandishi, kelele na kumbukumbu za wazee.

Kuhusu hizo kaunta za watumiaji kuna jambo moja siwezi kuliacha. Mwaka 2016 kulikuwa na tundu la usalama lililopewa namba CVE-2016-0728, kwenye sehemu ya kerneli inayotunza funguo. Palikuwa na njia moja ya msimbo inaongeza kaunta na kusahau kupunguza. Kaunta ya biti 32, mtu anairudia ile njia mara 4,294,967,296, inazunguka inarudi sifuri, kerneli inafuta kitu ambacho bado kinatumika, mshambuliaji anaweka chake mahali pale. Angalieni vizuri, atomiki pale zilifanya kazi bila kosa hata moja, kila moja iliongezwa kwa uaminifu. Mwaka 2017 toleo 4.11 likaleta aina mpya ya kaunta, refcount_t, ambayo ikikaribia kufurika inaganda na kupiga kelele, kitu hakifutwi tena milele. Unapoteza memori kidogo badala ya kupoteza mashine nzima, na mimi naona hiyo biashara ni nzuri.

Haya, maswali. Naona mkono kule. Anauliza, kwa nini ujisumbue na asembli wakati kompaila za C za sasa zina atomiki zake tangu C11, toleo la 2011 la lugha hiyo. Tumia! Kama kerneli yako ni mpya tumia za kompaila, usiandike asembli kwa ajili ya sifa. Linux wanazo zao kwa sababu walianza miaka 20 kabla na kanuni zao hazifanani kabisa na za C. Ila kuna siku utaongeza kaunta ya biti 64 kwenye chipu ya biti 32, kompaila atakubali, halafu linka, anayeunganisha vipande vya programu, atakuja kulalamika kwamba haijui __atomic_fetch_add_8. Hiyo ni kompaila kukwambia kwamba chipu haiwezi, nimemwachia laibrari, na wewe ndani ya kerneli huna laibrari. Usikimbilie kuunganisha laibrari ya watumiaji, maana ile inashika loki bila kuzima intarapti, na mmeshaona mambo ya loki na hendla. Andika fankisheni yenye jina hilohilo mwenyewe.

Swali la mwisho, dada pale mbele. Atajaribuje kama za kwake ziko sawa? Rudi kwenye ile kaunta niliyoanza nayo, kore zote ulizonazo, kila moja mara milioni kumi, na taima ya intarapti nayo iwe inaongeza kaunta ileile kwa kasi kubwa uwezavyo, mwisho jumlisha kila mmoja anasema kaongeza ngapi ulinganishe. Fanya kwenye bodi halisi, siyo emuleta peke yake. Halafu isogeze kaunta kwa makusudi ikae mpakani mwa laini mbili za kashe, baiti 62 ndani, uone chipu yako ni ya kupiga kelele au ya kunyamaza.